Traka za redio ya ridhaa: kabla hujaiwasha, angalia kolsaini ni ya nani

Wiki hizi hapa dirishani kwetu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, maswali ya traka yamekuwa mengi mpaka mwenzangu wa meza ya jirani ananitania nifunguliwe dirisha langu peke yangu. Mmoja anauliza kama anaweza kuifunga kwenye bodaboda yake, mwingine ana wageni wanaopanda Kilimanjaro wamekuja nazo kwenye mabegi, mwingine kaagiza mtandaoni, mzigo umefika, umekwama kwa watu wa forodha, na sasa ndo anakumbuka kuuliza. Najua wengi wenu mna nia njema tu, ndo maana naandika hapa badala ya kusubiri tukutane kwa njia nyingine.

Naongelea zile traka za APRS, yaani kidude kinachobebeka chenye GPS na redio ya VHF kinachorusha mahali ulipo kwenye bendi ya mita mbili, yaani masafa ya kuanzia 144 MHz. Redio ya ridhaa yenyewe, ile ya mtu kurusha kwa shauku yake tu bila biashara, siielezei zaidi, kama umefika hatua ya kununua traka hiyo unaijua.

Kwanza tulimalize hili la satelaiti maana linanichosha. GPS haitumi kitu. Inasikiliza satelaiti, inapiga hesabu, inajua iko wapi, basi. Anayepeleka habari ni redio, anachukua latitudo na longitudo anazigeuza kuwa mlio, toni mbili za hezi 1200 na 2200 zinazopishana harakaharaka, ukiusikiliza ni kama mashine ya zamani ya faksi imekabwa koo, halafu anaurusha hewani. Kwa hiyo mtu akiniambia "mkuu hii si GPS tu, hata simu yangu inayo" namjibu hivyohivyo kila siku: simu yako nyuma yake kuna kampuni yenye leseni ya masafa, hicho kidude nyuma yake upo wewe.

Na wewe lazima uwe na leseni. Hapa Tanzania tunaotoa ni sisi TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Unaomba leseni ya redio ya ridhaa, unaambatanisha kitambulisho au pasipoti, uthibitisho kwamba unaijua kazi (cheti, au leseni ya nchi uliyotoka kama wewe ni mgeni), na orodha ya vifaa, aina, modeli na namba ya utambulisho (serial number) ya kila kimoja. Nikisema kila kimoja namaanisha na traka, tunaona watu wanaandika redio kubwa ya mezani, traka wanaiacha kwa sababu "ni ndogo". Ndogo kwa kilo sawa, ila wati tano ni wati tano. Malipo ni kwa kontroo namba tu, usimpe mtu hela mkononi hata akikuonyesha kitambulisho kinachong'aa. Halafu unasubiri leseni iliyoandikwa kolsaini yako, yaani jina lako la hewani la herufi na namba, ndo uwashe. Kuwa umeshatuma maombi sio leseni, risiti ya malipo nayo sio leseni. Ofisi za kanda zipo, aliyeko Arusha au Mwanza hana sababu ya kupanda basi kuja Dar kwa ajili ya hili.

Kuhusu kifaa chenyewe, uliza suala la ithibati (kwamba modeli hiyo imekubaliwa kutumika nchini) na kibali cha kuingiza kabla hujalipia mzigo. Kikishakaa kwenye meza ya forodha bila karatasi hatuna kitufe cha kubonyeza kikaruka uzio, na gharama ya stoo unaanza kuhesabiwa wewe. Ukikutwa unarusha bila leseni sheria inaruhusu kifaa kukamatwa na wewe kufikishwa mahakamani, huko kuna faini, kuna kifungo, na kuna vyote viwili kwa pamoja. Mwenye leseni anayevunja masharti anaweza kunyang'anywa. Siandiki haya kutisha mtu, ila nimeshakaa na watu wazima wenye heshima zao wananiambia hawakujua, na sheria haina kipengele cha hawakujua.

Sasa la bodaboda, malori na mabasi. Jibu ni hapana. Kanuni za redio za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, zinaitaja huduma ya ridhaa kuwa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kuchunguza mambo ya kiufundi, kwa shauku ya mtu mwenyewe, bila faida ya kifedha. Ukifunga traka kwenye lori lako ujue dereva kafika Chalinze saa ngapi na mafuta yameishia wapi, hiyo ni biashara hata kama lori ni moja na limechoka. Mabasi yana mfumo wao wa kuyafuatilia, VTS, unaosimamiwa na LATRA, na gari binafsi la biashara lina zile traka za laini ya simu zinazouzwa kila kona. Nenda huko. Na aliyeniuliza kama anaweza kumfungia mke wake bila kumwambia, nilishamjibu na sitorudia hapa.

Mwanzilishi wa huu mfumo wa APRS, Bob Bruninga, kolsaini WB4APR, aliyekuwa mhandisi pale chuo cha jeshi la majini la Marekani, Annapolis, akafariki 2022, mwenyewe alikuwa analalamika miaka yote kwamba watu wameugeuza kuwa mfumo wa kufuatilia magari wakati lengo lake lilikuwa watu wa eneo moja wajue hewani kuna nini na kuna nani sasa hivi. Kwa hiyo uchovu wangu una wazee wake.

Turudi kwenye traka. Ukiniuliza makosa mengi yanatoka wapi nitakwambia hayatoki kwa wahuni, yanatoka kwenye setingi za kiwandani. Kijana mmoja alituletea yake juzijuzi, kaboksi ka plastiki saizi ya kipande cha sabuni, kamezungushiwa tepu nyeusi ya umeme, taa ya kijani inapepesa ikishapata satelaiti. Kanunua mtumba, analalamika hajioni kwenye ramani ya APRS ya mtandaoni. Tukaichomeka kwenye kompyuta tukasoma. Kolsaini iliyokuwemo inaanza na D, ya mwenye zamani, Mjerumani. Yaani hewani kwa siku zote hizo kulikuwa na Mjerumani anazunguka Buguruni kwa mwendo wa daladala, na kijana wetu anatafuta jina lake halioni. Tulicheka wote lakini kisheria ile ni kurusha kwa kolsaini ya mtu mwingine. Na mpya ya dukani nayo mara nyingi inakuja imeandikwa N0CALL, hiyo sio kolsaini, ni nafasi inayokusubiri wewe ujaze. Kila pakiti, yaani kila taarifa moja inayorushwa, inabeba kolsaini ndani yake, ndo kitambulisho chako hewani, kanuni zinataka kituo kijitambulishe kila baada ya muda mfupi na traka inafanya hivyo yenyewe, mradi umeijaza ukweli.

Nyuma ya kolsaini kuna kistari na namba. Kwa mazoea, -9 ni gari, -7 ni redio ya mkononi. Haitokupeleka jela ukikosea ila unasumbua wenzako wanaosoma ramani, na alama ya picha nayo ichague vizuri, mtembea kwa miguu asionekane ni meli.

Masafa. Traka na redio zilizonunuliwa Marekani zinakuja kwenye 144.390 MHz. Hiyo ni yao. Sisi tuko Kanda ya 1 ya ITU pamoja na Ulaya na Afrika nzima, APRS yetu kwa mpango wa bendi ni 144.800. Ukiiacha kwenye 144.390 hakuna atakayekusikia isipokuwa yule bwana anayetafuta ishara dhaifu za mbali kwa SSB (aina ya urushaji wa sauti), na huyo ndo atakayetupigia simu. Halafu bendi yenyewe huku inaishia 146, sio 148 kama kwao. Redio kukubali kubonyezwa hapo haina maana una ruhusa, hata mlango wa jirani unafunguka ukisukuma.

Wageni, hasa mnaowaleta nyie mawakala wa utalii: leseni ya Ulaya chini ya mpango wa CEPT, ule wa nchi kutambuliana leseni, haifanyi kazi Tanzania, hatumo kwenye mpango huo. Aombe kabla hajasafiri, apate kolsaini ya huku, yenye 5H, alama ya Tanzania. Na kuna jambo la kiufundi ambalo hata wazoefu wanaligonga: kwenye sauti mtu amezoea kusema 5H mkwaju (/) halafu kolsaini yake ya nyumbani, sasa kwenye pakiti nafasi ya kolsaini ina herufi sita tu, haiingii. Traka inakata mkia bila kukuambia na unaanza kurusha jina lisilo la mtu yeyote. Mipaka nayo ni hivyohivyo. Ukivuka Namanga traka haisimami kugongewa muhuri, inaendelea kurusha tu, na upande wa pili leseni yako ya 5H haina kazi mpaka Wakenya wakuruhusu. Zima kabla ya geti.

Hapa kwenye kasi ya kurusha ndo naomba mnisikilize, maana huku ndiko malalamiko yanakotoka kwa wenye leseni wenyewe dhidi ya wenye leseni wenzao. Pakiti moja ya bodi (baud) 1200, ndo kasi ya data yenyewe, ukijumlisha na muda redio inaojiandaa, inakula kama sekunde moja. Digipita, kituo kinachopokea pakiti na kuirusha tena, ikiirudia, sekunde nyingine. Masafa ni hayohayo mamoja kwa wote. Chukua watu kumi kwenye matembezi, kila mmoja kaweka sekunde 10 kwa sababu anataka mstari wake kwenye ramani uwe umenyooka: kumi mara sita mara sekunde mbili, ni sekunde 120. Dakika ina 60. Mnagongana, hakuna anayesomeka, halafu mnasema mtandao mbovu. Gari linalotembea weka dakika moja au mbili, kituo kilichokaa palepale nusu saa inatosha, nyumba haihami. Kama traka yako ina ile akili ya kurusha kwa kufuata mwendo na kona itumie, ikiwa kwenye foleni ya Ubungo inatulia, ikikata kona inatoa taarifa. Njia ya digipita, yaani pakiti irudiwe mara ngapi, andika WIDE1-1,WIDE2-1, inatosha. Anayeandika irudiwe mara saba anafikiri anafika mbali zaidi, anachofanya ni kupiga kelele wilaya tatu ambazo hazijamuuliza.

Wale wa redio za bei rahisi mliounganisha simu na waya, mambo mawili. Sauti ikiwa juu mlio unakatika vichwa na pakiti haisomeki hata kama ishara ni ya nguvu kabisa, ishusheni mpaka mwenzenu aseme anapata. Na msitumie VOX, ile ya redio kujirusha yenyewe ikisikia sauti. Redio ikisubiri kimya ndo iachie, kila pakiti ya sekunde moja inashika masafa kwa sekunde mbili au tatu, zingine hewa tupu. Unganisheni waya wa PTT, yaani wa kitufe cha kurushia. Traka iwe inasikiliza kwanza kabla ya kurusha, zile zisizo na uwezo wa kusikiliza zinawakatisha wengine katikati ya sentensi.

Antena ya robo wimbi kwenye 144.800 ni karibu nusu mita, kwa hiyo kile kijiti cha sentimita 10 kilichokuja kwenye boksi usikitegemee, na traka ukiifungia ndani ya kisanduku cha chuma cha gari umeifungia kweli. Kipokezi cha GPS kione anga na kikae mbali kidogo na antena ya kurusha, vinginevyo kila ikirusha GPS inapotea, taa inarudi kupepesa, unalaumu Mchina.

La dharura. Redio nyingi za aina hii zina hali za kuchagua, uko njiani, unarudi, na ya mwisho ni dharura. Tafadhali ile ya dharura iacheni. Kuna mgeni aliichagua kwa sababu kwenye kioo ilikuwa inawaka vizuri, akasahau, akala chakula cha mchana na kulala, watu wakatafutana. Na kinyume chake pia: traka hii sio kifaa cha uokoaji. Kama hakuna digipita wala kituo kinachokusikia bondeni ulipo, unarusha kwa miti. Wenye boti wa Mafia na Kilwa mlioniuliza, chenu ni redio ya baharini, chaneli 16, na bikoni ya uokoaji ya 406 MHz iliyosajiliwa, hiyo ndo inapokelewa na satelaiti za uokoaji. Nchi kavu piga 112. Kama maisha yako hatarini tumia chochote kinachofika, hapo hakuna mtu wa masafa atakayekuja kukuuliza leseni kwanza.

Usiri haupo. Kuficha maana ya ujumbe kwa msimbo hairuhusiwi kwenye redio ya ridhaa, na pakiti ikiokotwa na kituo cha intaneti inaingia kwenye ramani ambayo dunia nzima inaiona na inatunza historia. Tumepata mtu anataka tufute safari zake za mwezi mzima, sisi hatuna hizo seva. Izime kilomita moja kabla ya nyumbani, au usiiwashe siku ambazo hutaki kuulizwa ulikuwa wapi.

Ukija kuiuza, futa kolsaini yako ndani, mbele ya mnunuzi, na uhakikishe naye ana leseni, halafu tuandikie kwamba hicho kifaa kimetoka kwenye orodha yako. Barua fupi tu, modeli, namba ya utambulisho, tarehe, na jina la aliyechukua. Vinginevyo siku kikianza kuzunguka Buguruni, tutakaempigia ni wewe.