Viazi, virusi na GMO: yanayosemwa sokoni na ukweli wake

"Haya maviazi makubwa ya siku hizi ni GMO."
Hapana. Tanzania haijaruhusu kiazi chochote cha GMO, yaani kilichobadilishwa vinasaba maabara, kulimwa na kuuzwa kibiashara. Viazi mviringo vinavyoshushwa soko la Majengo hapa Dodoma vingi vinatoka nyanda za juu kusini, Njombe, Mbeya na Iringa. Ukubwa ni suala la aina ya mbegu, mbolea na nafasi kati ya shina na shina. Nahisi mkanganyiko ulianzia Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Dodoma: mwaka 2016 palipandwa mahindi ya GMO ya majaribio, ya kustahimili ukame. Ni mahindi, si viazi, na mwaka 2018 Serikali iliagiza majaribio hayo yasitishwe.

"Chipsi zikiwa nyeusi, kiazi kimechezewa maabara."
Mara nyingi ni sukari tu. Kiazi kilichovunwa kichanga, au kilichokaa kwenye baridi kali, huwa na sukari nyingi, nayo ikikutana na mafuta ya moto inaungua. Ndiyo maana muuza chipsi anayejua kazi hukaanga vipande viwili vitatu kabla ya kulipia gunia.

"Wanaweka kirusi ndani ya kiazi, mlaji naye anaugua."
Hii ndiyo inayotisha wengi. Virusi vya viazi, hasa kile kiitwacho virusi Y na kile cha kukunja majani, haviambukizi binadamu. Tena kinachowekwa kwenye kiazi cha GMO ili kukikinga na virusi si kirusi kizima, ni kipande cha vinasaba vyake. Mwaka 1986 mwanasayansi Roger Beachy na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa tumbaku iliyopewa jeni moja tu ya kirusi, ile ya kutengeneza ganda lake la protini, ilichelewa kuugua au haikuugua kabisa. Mbinu nyingine hutumia kinga ya mmea wenyewe: unapewa kipande kinachoufanya utambue vinasaba vya kirusi, hivyo kikiingia kinakatwakatwa kabla hakijazaana. Na wanaoogopa "kula kirusi" wajue kwamba kiazi cha kawaida kilichotoka kwenye shina lililougua kimebeba kirusi chote, ganda na vinasaba. Tumekula hivyo miaka nenda rudi.

"Si tupulize dawa tu?"
Dawa ya ukungu ni ya ukungu. Kirusi kikishaingia kwenye mmea hakuna cha kupuliza. Labda umuue kidukari, mdudu mdogo anayekisambaza. Kwa ugonjwa wa kukunja majani inasaidia, kwa kuwa mdudu huyo huhitaji saa kadhaa au zaidi kabla hajaweza kuambukiza. Virusi Y havisubiri: kidukari anadunga sekunde chache, anahamia shina la pili, sumu haijafanya kazi bado. Kisha kiazi kilichougua kinawekwa mbegu, msimu ujao kinaota kikiwa kigonjwa. Wakulima husema mbegu imechoka. Mara nyingi ni virusi vimelundikana.

"GMO inamaliza magonjwa yote."
Hii inakinga dhidi ya kirusi kilicholengwa tu. Magonjwa mengine, kama mnyauko bakteria na bakajani, yako palepale.

"Marekani waliviondoa viazi vya GMO kwa sababu vilidhuru watu."
Monsanto, kampuni ya mbegu ya Marekani, iliuza viazi vya NewLeaf Plus na NewLeaf Y, vyenye kinga ya virusi, mwishoni mwa miaka ya 1990, ikaviondoa sokoni mwaka 2001. Kilichoviua ni soko: wanunuzi wakubwa, McDonald's wakiwemo, hawakutaka kuhusishwa na GMO. Argentina nayo iliidhinisha mwaka 2018 kiazi chake chenye kinga dhidi ya virusi Y.

"Mkulima atanunua mbegu kila msimu."
Hapa wenye wasiwasi wana hoja, ila si ile wanayoisema. Mbegu ya GMO isiyoota haijawahi kuuzwa popote, na kiazi huota kwa kiazi. Kinachoweza kumfunga mkulima ni hakimiliki na masharti ya mkataba. Bunge liko hapahapa Dodoma. Swali la kupeleka kwa mbunge ni hilo, sio kama kiazi kitatuotesha mkia.

Anayelima leo hana haja ya kusubiri GMO. Viazi vikikaribia kuchanua, apite shambani na vijiti, achomeke kando ya mashina yenye majani yaliyonyooka, yasiyo na mabaka. Baada ya wiki mbili apite tena, ang'oe vijiti penye shina lililobadilika. Yaliyobaki na vijiti yavunwe peke yake, na mbegu itoke humo.