Tangazo la Kazi Kabla ya Kibali cha Mgeni: Yanayoaminika na Yaliyo Kweli

Mwezi huu pekee waajiri watatu wameketi mbele ya meza yangu hapa Posta, Dar es Salaam, kila mmoja kwa siku yake, wakaniambia jambo lile lile kwa maneno yanayokaribiana: mtaalamu wa kigeni amekwisha kupatikana, mshahara umekubaliwa, tiketi ya ndege imekatwa, na kilichobaki ni kutafuta tangazo la kazi ili jalada la maombi ya kibali likamilike. Mmoja wao aliniomba nimwandikie tangazo lenye tarehe ya miezi miwili iliyopita. Nilimkatalia, naye aliondoka akiamini kwamba nimemfanyia ugumu usio na sababu. Kwa kuwa sababu ninazo, na kwa kuwa nimezieleza kwa mdomo mara nyingi mno, nimeona heri niziandike.

Dhana yenyewe ni kwamba tangazo ni karatasi ya kuambatanisha, sawa na picha za pasipoti na nakala ya leseni ya biashara. Sivyo hata kidogo. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya mwaka 2015, kinamtaka Kamishna wa Kazi, kabla hajaidhinisha maombi, ajiridhishe kwamba jitihada zote zinazowezekana zimefanyika ili kumpata mtaalamu wa ndani. Uzito wa kifungu hiki uko katika jitihada. Mwajiri hatakiwi kuonyesha kwamba alichapisha, bali kwamba alitafuta, na kuchapisha ni njia mojawapo tu ya kutafuta. Tiketi ya basi inaonyesha kwamba mtu alilipa nauli ya Morogoro. Haionyeshi kwamba alifika Morogoro.

Mwajiri anayeanza na mgeni kisha akarudi nyuma kutafuta tangazo hajui kwamba jalada lake litamsema lenyewe. Ndani ya jalada kuna mkataba wa ajira wenye tarehe, kuna wasifu wa mgeni, kuna maelezo ya kazi, na kuna tangazo. Afisa anayelipitia hahitaji ujuzi wa ajabu kugundua kwamba mkataba ulisainiwa kabla muda wa kupokea maombi haujafika mwisho, au kwamba sifa zilizotajwa katika tangazo zinafanana neno kwa neno na wasifu wa mtu mmoja. Nimewahi kuonyeshwa tangazo la fundi wa mitambo ya plastiki lililotaka uzoefu wa miaka 14, wala si 10 wala 15, katika mashine za kampuni moja tu, pamoja na ufasaha wa Kichina cha kusoma na kuandika. Mgeni aliyekusudiwa alikuwa na uzoefu wa miaka 14. Tangazo la namna hiyo halitafuti mtu. Linamtaja mtu bila kuandika jina lake.

Nilipouliza sababu ya sharti la lugha, nilielezwa kwamba vitabu vya mashine vimeandikwa kwa Kichina. Ushauri wangu kwa jambo hili haujabadilika kwa miaka mingi: tafsirini vitabu. Kitabu hutafsiriwa mara moja, ilhali mshahara na nyumba ya mgeni hulipwa kila mwezi. Sharti la lugha lina haki ya kuwamo pale kazi yenyewe inapofanyika kwa lugha hiyo, kama vile kujadiliana na wauzaji wa vipuri walioko nje ya nchi kila siku. Linapowekwa kwa ajili ya kuwafungia wengine mlango, huwa ndilo swali la kwanza ambalo mwajiri ataulizwa, na mara nyingi hana jibu.

Kutafuta kwa kweli huacha alama nyingi ambazo haziwezi kutengenezwa kwa siku moja. Kuna tangazo katika gazeti linalosomwa na watu wa fani hiyo au katika mtandao wa ajira wanaoutembelea. Kuna barua kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, yaani TaESA, ambao kazi yake ni kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri, na ambao waajiri wengi wa jiji hili huukumbuka baada ya maombi yao kurudishwa. Kuna barua kwa chuo kinachofundisha fani inayohusika: DIT kwa mafundi sanifu wa umeme na mitambo, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kule Mabibo kwa mambo ya usafirishaji, VETA Chang'ombe kwa ufundi stadi. Kwa nafasi ya mhandisi au mhasibu, kuna bodi ya taaluma yenye daftari la watu waliosajiliwa. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi yenye gharama ya kumtisha mwajiri aliyekwisha kumkatia mgeni tiketi ya ndege.

Baada ya hapo huja sehemu inayorukwa kuliko zote, nayo ni kumbukumbu ya waombaji. Watu 60 walioomba wanapaswa kuonekana katika jedwali, kila mmoja na sifa zake, na aliyekataliwa aandikiwe sababu inayotokana na vigezo vilivyotangazwa. Maneno kama "hafai" au "hana uwezo" hayatoshi. Iandikwe kwamba alitakiwa kuwa na cheti cha kuchomelea mabomba yenye shinikizo kubwa naye hana, au kwamba aliitwa kwenye usaili tarehe fulani na hakufika. Waliofika kwenye usaili wawe na alama zao na saini za waliowasaili. Mwajiri mwenye jedwali la namna hii anaweza kutetea uamuzi wake mbele ya afisa yeyote. Aliye na kipande cha gazeti peke yake hana cha kutetea, kwa sababu hata yeye mwenyewe hajui ni nani walioomba.

Jedwali hilo lina faida nyingine, na hapa naomba wasomaji wanivumilie kidogo kwa kuwa ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kurithisha ujuzi, yaani mpango unaoonyesha jinsi maarifa ya mgeni yatakavyohamia kwa Watanzania katika muda wa ajira yake. Mipango mingi ninayoletewa imenakiliwa kutoka kampuni nyingine, na mahali pa jina la mrithi pameandikwa "atateuliwa". Lakini mwajiri aliyetafuta kwa kweli anaye mrithi tayari katika jedwali lake: ni yule Mtanzania aliyeshika nafasi ya pili, aliyekuwa na shahada na uzoefu wa miaka 6, na akapungukiwa na ujuzi wa mtambo mmoja tu. Mwajirini huyo siku ile ile mnayomwajiri mgeni, muandike jina lake katika mpango, na muandike ni nini atakachokuwa ameweza kukifanya peke yake baada ya miezi 6, baada ya 12 na baada ya 24. Tangazo, usaili na mpango wa kurithisha huwa ni kazi moja yenye sehemu tatu, na Kamishna anaposoma jalada huona kampuni inayojua inakokwenda.

Dhana inayofuata haina uzito huo, ila inaenea kwa kasi, hasa miongoni mwa maofisa utumishi waliohudhuria mafunzo ya kampuni mama zilizoko ng'ambo: kwamba tangazo lazima likae siku 28 na lichapishwe mara mbili. Hiyo ni kanuni ya Australia, ambako mwajiri anayemdhamini mgeni hutakiwa kuwa na matangazo yasiyopungua mawili, yaliyokaa angalau wiki nne. Marekani nayo, kwa njia ya kuelekea ukaazi wa kudumu, hudai matangazo ya gazeti katika Jumapili mbili. Uingereza ilikuwa na sharti la siku 28, ikaliondoa Desemba 2020. Kifungu chetu cha 11 hakitaji idadi ya siku wala jina la gazeti, na baadhi ya waajiri hudhani kwamba kutotajwa kwa siku kumewarahisishia mambo. Mimi naona kinyume chake. Penye idadi, mwajiri akiitimiza amemaliza. Pasipo na idadi, sharti aonyeshe kwamba muda alioutoa uliwatosha watu wa fani hiyo kuliona tangazo na kuandaa maombi. Kwa nafasi ya kitaalamu huwashauri wateja wangu wasishuke chini ya wiki tatu, na tangazo la siku nne lililotolewa katikati ya sikukuu silipokei kabisa.

Wapo wanaoniambia kwamba kumtanguliza raia ni ubaguzi, na kwamba kwa kumpenda mgeni wao wanatenda haki. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi, na utaifa umo katika orodha ya misingi iliyokatazwa, lakini kifungu hicho hicho kinasema kwamba kuajiri raia kwa mujibu wa Sheria ya Taifa ya Huduma za Ajira ya mwaka 1999 si ubaguzi. Ningefurahi kama wanaokitaja kifungu hiki wangekisoma hadi mwisho, kwa sababu kinamhesabu mwombaji wa kazi kuwa mfanyakazi kwa madhumuni ya ulinzi huo, na kinayataja matangazo na vigezo vya uteuzi waziwazi. Tangazo linalosema "awe mwanamume mwenye umri usiozidi miaka 35" au "msichana asiye na familia" ndilo lenye ubaguzi, isipokuwa mwajiri aweze kuonyesha kwamba sifa hiyo ni sehemu ya asili ya kazi yenyewe. Nayaona matangazo hayo kila wiki, na wengi wa wanaoyatoa ndio wanaonihubiria juu ya haki ya mgeni.

Ajira Portal si mahali pa kutangazia nafasi za kampuni binafsi. Huo ni mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma.

Mkenya, Mganda na Mnyarwanda ni wageni kwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imefungua milango kwa makundi fulani ya wafanyakazi, lakini haikufuta kibali cha kazi, na mwajiri anayemleta mhasibu kutoka Nairobi kwa basi la usiku anatakiwa kuwa na jalada kamili kama anayemleta kutoka Mumbai. Vivyo hivyo kibali cha ukaazi kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji hakichukui nafasi ya kibali cha kazi cha Kamishna. Ni nyaraka mbili, za mamlaka mbili, na kumwajiri mgeni bila kibali cha kazi ni kosa la jinai hata kama ukaazi wake ni halali.

Kuna pia wanaodhani kwamba tangazo la nafasi moja linaweza kubeba nafasi nyingine. Kibali hutolewa kwa mtu fulani, mwajiri fulani na kazi fulani. Ukitangaza nafasi ya meneja wa uzalishaji, kisha ukamwombea mgeni kibali cha mshauri wa kiufundi kwa sababu jina hilo linaonekana kupita kwa urahisi, jitihada zako zilikuwa za nafasi ambayo huiombei, na ile unayoiombea haikutafutiwa mtu. Ukiwa na tawi Unguja, fahamu kwamba sheria ya mwaka 2015 ni ya Tanzania Bara, na Zanzibar ina sheria yake ya ajira na mamlaka yake ya kutoa vibali.

Dhana ya mwisho ni kwamba kazi ya tangazo huisha siku kibali kinapotoka. Haiishi. Kibali cha kawaida cha mwajiriwa hutolewa kwa miezi 24. Mwajiri anaporudi kuomba aongezewe muda, atatakiwa aeleze ni Mtanzania gani aliyefundishwa katika muda huo na amefikia wapi. Mwaka jana nilimpokea mteja mwenye kiwanda kando ya Barabara ya Nyerere, aliyekuja kuniomba nimwandalie maombi ya kuongeza muda. Alikuja na jedwali la usaili la miaka miwili iliyopita, jina la kijana aliyeshika nafasi ya pili, na taarifa za kila robo mwaka za mafunzo yake. Tulipomaliza kuzisoma, alifunga jalada na kusema kwamba hataomba tena, kwa sababu kijana yule anaiweza kazi.