Mbwa akitoka getini awe na mkanda, na mkanda aushike mtu mzima

Kila tukianza maandalizi ya chanjo ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, simu za malalamiko nazo zinapanda. Safari hii nyingi ni za watu wanaokimbia asubuhi kule Shanty Town na wazazi wa Soweto ambao watoto wao wanakatiza njia za ndani kwenda shule, na ukisikiliza vizuri lalamiko ni lile lile: geti limefunguliwa gari litoke, mbwa katoka nalo, mwenye mbwa yuko nyuma anapaza sauti "msikimbie, huyo hang'ati". Nimeshika daftari la taarifa za kung'atwa hapa Moshi muda mrefu sasa, na hiyo hang'ati imo karibu kila ukurasa. Hang'ati wewe unayempa ugali. Mtoto anayekimbia na begi mgongoni hamjui.

Najua wengi mnawapenda mbwa wenu, ndo maana naanza na mkanda kabla ya kufika kwenye sheria.

Mwaka jana kwenye chanjo Pasua alikuja kijana wa kama miaka 9, kaniamkia vizuri "shikamoo dokta", kashika jibwa kubwa la baba yake kwa kamba ya manila, na ile kamba kaizungusha mkononi mara mbili ili isimponyoke. Foleni ilikuwa imetulia kabisa. Akapita mbwa mwingine, jibwa likaruka, mtoto akaburutwa kwenye kokoto hatua nne tano hivi, na tulipomfungua mkono kiganja kilikuwa kimechunika, vidole viwili vimevimba na alama ya kamba imekaa kama imechorwa. Baba yuko kazini. Sasa hapo utamlaumu mtoto au mbwa?

Kwahiyo nianze na hiyo manila maana ndo inatumika nyumba nyingi. Ni nyembamba na inateleza, ikivutwa ghafla inachoma kiganja, alafu watu wanaifunga shingoni kwa kitanzi kinachojikaza, yaani mbwa akivuta anajinyonga mwenyewe. Katani nayo inachubua. Mnyororo mbwa hawezi kuutafuna, ni kweli, ila ni mzito na ukikupitia kwenye vidole utajuta. Kinachofaa ni mkanda bapa wa nailoni au wa ngozi, urefu mita 1.2 mpaka 1.8, upana kama sentimita 2 mpaka 2.5 kwa mbwa mkubwa, kwa mdogo hata 1.5 inatosha. Angalia hasa kile kishikizo cha chuma cha mwisho, kiwe kinazunguka ili mkanda usijisokote, na ukivute kwa nguvu zako zote kabla hujalipa, maana mkanda mara nyingi hauharibikii katikati, unaharibikia pale kwenye kishikizo na kwenye mshono. Na msiniambie ni vitu vya wazungu na ni ghali. Mkanda wa siti ya gari chakavu ukimpelekea fundi viatu anakushonea mkanda wa kudumu miaka.

Ile mikanda inayojikunja yenyewe ndani ya kishikio cha plastiki, inayoenda mpaka mita 5 au zaidi, kwa barabara zetu siishauri kabisa. Bodaboda inatokea kwenye kona, mbwa yuko mita 5 mbele, wewe unatafuta kitufe.

Shingoni, pitisha vidole viwili kati ya mkanda wa shingo na ngozi. Vikipita bila shida na mkanda hauvuki kichwa, uko sawa. Kwa mtoto wa mbwa rudia kila wiki maana anakua haraka, nimeshakata kamba iliyozama ndani ya nyama ya shingo, manyoya yameifunika kabisa, wenyewe wanashangaa tu harufu inatoka wapi. Jamani, hiyo ni kupitisha mkono shingoni tu. Mbwa anayevuta sana mnunulie mkanda wa kifuani wenye pete kwa mbele, akivuta unamgeuza upande badala ya kumkaba koo.

Kumfundisha anzia ndani ya uwanja, usianzie barabarani. Kitanzi cha mkono kipitishe kwenye dole gumba, funga ngumi, mkono wa pili ushike chini kidogo, usizungushe kwenye vidole wala kiganja. Akivuta, simama. Usimkemee na usimvute, simama tu mpaka mkanda ulegee, ukilegea mpe dagaa mmoja alafu tembea. Siku ya kwanza hamtafika hata getini na ni kawaida. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni zinatosha kuliko saa nzima ya kugombana. Wanaokosea wengi ni wale wanaosimama leo, kesho wana haraka wanakubali kuvutwa, mbwa anajifunza kwamba kuvuta kuna siku kunalipa.

Kuna hili la "akizoea mkanda ataacha ulinzi". Mbwa wa polisi wanatembea na mkanda kila siku na hakuna kibaka anayewasogelea. Kinachoharibu mbwa ni kufungwa mnyororo sehemu moja kutwa nzima juani bila maji, na hiyo inaingia kwenye Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, sio utaratibu wa ulinzi. Na chanjo haimfanyi mbwa awe mzembe, nimeshalijibu hili kila kata.

Sasa utaratibu akishang'ata mtu, na hapa naomba msome taratibu. Kwanza kidonda kioshwe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, achaneni na mafuta ya taa na pilipili, alafu kituo cha afya siku hiyo hiyo na sindano zikianza zimaliziwe zote hata kama kidonda kimepona. Pili, toa taarifa kwa mtendaji wa mtaa na kwa ofisi ya mifugo, ukiwa na maelezo ya mbwa ni wa nani, kang'ata saa ngapi, kachokozwa au la, na kadi ya chanjo kama ipo. Tatu, mbwa asiuawe, afungiwe na aangaliwe siku 10, tutapita kumwona. Akifa au akibadilika tabia ndani ya hizo siku tuambie mara moja. Ikibidi auawe asipigwe kichwani, maana maabara inapima ubongo na ukipasuliwa kwa rungu sampuli inaharibika, alafu aliyeng'atwa anabaki hajui kama mbwa alikuwa na kichaa. Nne, usimhamishe mbwa kumpeleka kijijini Uru au Machame ili kesi ipoe, hapo unahamisha hatari na unaongeza kosa.

Kuhusu adhabu, Kanuni ya Adhabu inamgusa mtu anayeacha kuchukua tahadhari na mnyama wake mpaka anahatarisha watu, kwahiyo ni jinai, na kulipa gharama za matibabu nyumbani kwa mwenzako hakuifuti. Mkielewana ni vizuri, ila taarifa itolewe vile vile.

Siku ya chanjo njoo na mbwa wako kwenye mkanda, mbwa mmoja mtu mzima mmoja, simameni mbali mbali kwenye foleni. Wenye umri kuanzia miezi 3 wote waje. Kama kadi ya zamani imepotea tutaangalia daftarini, ila utuambie ulichanja mwaka gani na mtaa gani, maana kumbukumbu zimepangwa hivyo.