Je, Wajua? Kwa Nini "Lisemwalo Lipo" Humaliza Ubishi Bila Kuthibitisha Kitu

Alasiri, jua likishapungua ukali, mabaraza ya mawe ya mji wa Lamu hujaa watu. Kahawa chungu inamiminwa na ubishi unaanza: bei ya samaki, nani atasimama uchaguzi ujao, kwa nini kiwanja fulani kimeuzwa mara mbili. Mmoja anamtuhumu kiongozi kwamba amekula rushwa. Mwenzake anauliza, "Ushahidi uko wapi?" Wa kwanza anajibu, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Watu wanacheka, wanaitikia, mazungumzo yanahamia kwingine. Aliyeuliza ushahidi ndiye anayebaki kama mtu aliyeshindwa.

Ukiyaweka maneno yale wazi, yanakuwa hivi: watu wanasema fulani amekula rushwa, kila linalosemwa na watu ni kweli, kwa hivyo fulani amekula rushwa. Mzigo wote umebebwa na kauli ya katikati, nayo haikutamkwa. Ingetamkwa, hakuna mtu mzima pale barazani ambaye angeikubali, maana karibu kila mmoja amewahi kusingiziwa. Methali imeipitisha ikiwa imefunikwa.

Hivyo ndivyo hoja potofu inavyofanya kazi, kubwa au ndogo. Kila hoja ina mambo matatu: kauli za kuanzia, hitimisho, na kiungo kinachovusha akili kutoka huku hadi kule. Wengi wetu tukitaka kukagua hoja huuliza tu, "Hayo anayosema ni kweli?" Mara nyingi ni kweli. Mafundi wa majahazi wa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu, hawangekagua jahazi hivyo. Mbao zaweza kuwa nzima zote na chombo kikaingia maji kwenye maungio, ndiyo sababu baina ya ubao na ubao hupigwa kalafati, pamba iliyotiwa mafuta. Kwenye hoja pia, tazama maungio.

Elimu yenyewe ni ya kale. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani wa karne ya nne kabla ya Kristo, alizipanga hoja potofu katika aina 13, sita zikitokana na lugha na saba nje ya lugha. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1037, aliziandikia sehemu nzima ya kazi yake ya mantiki, yaani elimu ya kupima hoja, na kuziita safsata. Neno letu mantiki limekuja kwa njia hiyohiyo, na mzizi wake wa Kiarabu ni kusema. Lakini huhitaji kukariri orodha ya majina. Unahitaji zoezi moja: tafuta kauli iliyofichwa, itamke kwa sauti, kisha uulize kama ungeikubali siku ambayo inakuumiza wewe.

Zoezi hilo lina kazi kubwa kwetu kwa sababu Kiswahili kimejaa kauli zilizofichwa, tayari kutumika. "Mtoto wa nyoka ni nyoka" hubeba hukumu ya mtu kwa nasaba yake. "Penye wengi pana Mungu" hugeuza wingi kuwa ushahidi. "Nyani haoni kundule" humnyamazisha anayekosoa bila kugusa alichokosoa. Hakuna ubaya katika methali zenyewe. Ni mang'amuzi ya watu wa zamani yaliyofupishwa, nayo hukuelekeza mahali pa kutazama. "Dalili ya mvua ni mawingu" inakwambia utazame juu; haikwambii kama leo itanyesha Shela au Faza. Kosa huingia pale kielekezo kinapotumika kama jibu. Ukitaka kuliona waziwazi, tafuta methali ya upande wa pili. Anayekuzuia kununua kiwanja atasema "haraka haraka haina baraka". Anayekisukuma atasema "ngoja ngoja huumiza matumbo". Zote mbili ni za wahenga, zinavutana kinyume, na kiwanja ni kilekile. Basi jibu haliko kwenye methali. Liko kwenye hati ya kiwanja.

Sasa tusogee gatini tusikilize kwa karibu. Abiria anayekwenda uwanja wa ndege hana budi kuvuka maji hadi kisiwa cha Manda. Dada mmoja anauliza maboya ya kuvaa yako wapi. Nahodha anamjibu: "Dada, mwaka wa thelathini huu navusha watu, hajafa hata mmoja. Maboya huvaliwa na wageni. Na huyo aliyekutia hofu, jana mwenyewe kavuka bila boya."

Sentensi chache, makosa matatu, na kila kauli yaweza kuwa kweli. Kauli ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote, kwa hivyo tukae nayo. Miaka thelathini bila ajali ni ushahidi halisi, lakini ni ushahidi wa swali jingine: kwamba nahodha huyu anajua mkondo na hajui mzaha na usukani. Swali la dada lilikuwa juu ya siku ambayo ustadi hautatosha: injini imezima katikati ya mkondo, au chombo kingine kimewagonga usiku. Juu ya siku hiyo, miaka thelathini haisemi lolote, kwa sababu haijawahi kuwamo. Kuna na jambo la pili hapo. Nahodha aliyewahi kuzamisha abiria huenda hayupo tena gatini kuita wateja. Tunaowasikia ni wale waliosalimika tu, na wote watatupa ushuhuda uleule. Kauli ya "huvaliwa na wageni" inahusu nani anavaa, haihusu boya linafanya nini majini. Ya tatu ni nyani haoni kundule: mshauri anaweza kuwa mnafiki kabisa na ushauri wake ukabaki sahihi, maana maji hayaangalii nani alivuka jana.

Kosa linalogharimu watu zaidi kuliko yote, kwa maoni yetu, ni lile la "ilikuja baada yake, basi imesababishwa nalo". Kisima kilikauka baada ya jirani kuchimba choo. Samaki walipungua baada ya fulani kuletwa bandarini. Homa iliisha baada ya kunywa dawa. Mfuatano ni sababu ya kuchunguza, haujawa bado sababu ya kuamini. Namna ya kuuchunguza ni kuchora kisanduku chenye vyumba vinne, hata kwa kijiti mchangani: waliotumia wakapona, waliotumia wasipone, wasiotumia wakapona, wasiotumia wasipone.

Tuseme watu 60 walishikwa na homa. Kati yao 40 walikunywa dawa ya muuzaji mmoja, na 30 wakapona ndani ya wiki. Muuzaji analeta mashahidi 30, na hakuna hata mmoja anayesema uongo. Lakini 20 waliobaki hawakunywa kitu, na 15 kati yao walipona ndani ya wiki ileile. Thelathini kwa arubaini ni asilimia 75. Kumi na tano kwa ishirini ni asilimia 75. Dawa haikuongeza wala kupunguza. Tunadanganyika kwa sababu chumba kimoja tu cha kisanduku ndicho chenye sauti. Waliokunywa wasipone wanaona haya kusema, au wamelala ndani. Waliopona bila kitu hawana kisa cha kusimulia, kwa hivyo hakuna anayewauliza. Tena watu hukimbilia dawa siku homa ilipopanda kabisa, na kinachofuata kilele mara nyingi ni kushuka, umekunywa au hukunywa. Kwa hivyo, ukiletewa mashahidi wa waliopona, uliza habari za vyumba vitatu vilivyobaki. Na kama ni homa kali, usikae kuhesabu: malaria hupimwa kwa damu, na haimsubiri mtu wiki nzima.

Dawa hizohizo huuzwa kwa neno moja ambalo tunapenda watu walichunguze: asili. Katika "dawa ya asili", neno linaanza na maana ya kitu kilichotoka kwenye mmea, hakikutengenezwa kiwandani. Katikati ya mazungumzo linageuka na kumaanisha kilichorithiwa kwa mababu. Mwisho wa mazungumzo limekuwa na maana ya kisichodhuru. Hakuna aliyethibitisha hatua yoyote. Neno limeteleza tu. Samaki aitwaye bunju pia ni wa asili, na kila mvuvi wa pwani hii anajua sumu yake. Ukiona neno moja limetumika mara mbili katika hoja, libadilishe kwa maana kamili kila mara. "Imetoka kwenye mti, kwa hivyo haidhuru" haimdanganyi mtu kirahisi kama "ni ya asili".

Dalali wa viwanja naye ana yake. "Bandari imekuja, ardhi ya Lamu inapanda, kiwanja hiki kitapanda." Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa mwaka 2021, hilo ni kweli. Bei za sehemu nyingine kupanda pia yaweza kuwa kweli. Lakini sifa ya jumla haishuki moja kwa moja kwa kila kipande. Kiwanja kisicho na njia, au chenye maji ya chumvi, au chenye kesi, kinaweza kulala palepale huku jirani zake wakipanda. Kisha hufuata ile ya "kuna mtu wa Nairobi anakuja kesho na pesa mkononi". Hii haithibitishi chochote kuhusu kiwanja. Kazi yake ni kukunyima muda wa kwenda ofisi ya ardhi kuangalia jina la mwenye hati. Kama ukaguzi wa siku mbili unaweza kuvunja biashara, biashara ilikuwa inategemea usikague.

Mambo ya umma yana kosa lake linalopendwa, la kukufungia kwenye njia mbili. Lamu inalijua vizuri. Mwaka 2016 ilitolewa leseni ya mazingira kwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, uliopangwa kujengwa Kwasasi. Juni 2019 mahakama maalumu ya mashauri ya mazingira ikaifuta, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Katika mjadala kama huo, "ama makaa, ama giza" ni hoja rahisi kutamka na rahisi kuijaribu: taja njia ya tatu. Kenya ilikuwa tayari inapata umeme wa mvuke wa ardhini Olkaria, na shamba la upepo la Ziwa Turkana limejengwa kwa megawati 310. Unaweza kubisha kwamba njia hizo hazitoshi au ni ghali, na huo ungekuwa mjadala wa kweli. Ila huwezi kusema hazipo. Upande wa pili nao hauna kinga. "Anayeutetea mtambo amenunuliwa" ni kumpiga mtu badala ya hoja. Na anayesema hukumu ya 2019 imethibitisha kila neno la wapinzani ameongeza chumvi: kufutwa kwa leseni kulihusu namna ilivyotolewa, si kila dai lililosemwa mitaani.

Kumtazama msemaji, hata hivyo, si kosa siku zote, na hapa wanaojifunza mambo haya hupotoka. Kama ushahidi wote ni neno lake, "nilimwona kwa macho yangu", basi tabia yake, deni lake na ugomvi wake ni maswali halali kabisa. Kama ameleta risiti, tazama risiti.

Kosa la mteremko, la kudai kwamba hatua moja lazima ivute nyingine mpaka maangamizi, tulipite haraka. "Ukimwachia binti akasome chuo Mombasa, atapata marafiki wabaya, ataacha masomo, atasahau dini, atapotea." Hesabu hatua: nne. Hata ukikubali kwamba kila hatua ina nafasi 7 kwa 10 ikishatangulia ile ya kabla yake, zote nne kwa pamoja ni 0.7 mara nne kwa kuzidisha, yaani takriban 24 kwa 100. Hofu ya mzazi haidharauliwi. Ila mnyororo unahitaji ushahidi kwenye kila pete, na kwa kawaida hutolewa kwenye moja tu.

Lililobaki ni namna ya kujibu, na ni hapa wenye elimu huharibu. Kumwambia mzee mbele za watu "hiyo ni hoja potofu" ni kumvunjia heshima, na atautetea msimamo wake hata kama alikuwa karibu kuuacha. Tena kuonyesha ufa kwenye hoja hakuthibitishi kwamba hitimisho ni uongo. Fulani aweza kuwa amekula rushwa kweli. Anza kwa kurudia alichosema mpaka akubali kwamba ndicho. Kisha itamke ile kauli iliyofichwa kama swali, tena kwa sauti ya mtu anayetaka kujua. Kwa dalali: "Nikija Jumatatu baada ya kupita ofisi ya ardhi, bei itakuwa ileile?" Kwa nahodha: "Sina shaka na usukani wako, nahodha. Injini ikizima pale katikati usiku, mimi nisiyejua kuogelea nitashika nini?" Na kwa mzee wa barazani aliyesema lisemwalo lipo: "Ami, nimekufahamu. Na lile walilokusemea wewe mwaka jana, nalo lipo?"