Iliyoanguka Tabora si theluji, ni mvua ya mawe

Kila msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, video za ua uliotanda weupe kule Urambo au Kaliua huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: "Theluji Tabora!" Hapana. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ukanda wetu huu hewa hufika nyuzi sifuri kwenye mita 5,000 hivi. Theluji yetu iko Kilimanjaro. Ulichookota uani ni barafu iliyosukumwa juu na upepo ndani ya wingu la radi, ikivikwa maji yanayoganda hadi ikawa nzito. Chukua punje kubwa, ipasue kwa kisu. Mara nyingi utakuta pete kama za kitunguu.

Na si jirani aliyekutumia mvua hiyo kwa uchawi. Wingu la namna hiyo lina upana wa kilomita chache tu, hivyo laweza kuchakaza shamba lako na la mwenzako lisiguswe.

Hapo ndipo lawama zinapotuangukia sisi watu wa hali ya hewa: "Mlitangaza, mbona kwetu haikunyesha?" Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ina rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini yake huandikwa uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Uwezekano wa wastani si ahadi. Wengi huishia kwenye rangi, kisha wanatuita waongo.

Wapo pia wanaochukua taarifa ya mwaka jana, wakabadili tarehe na kuisambaza. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu anayechapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Utani huo ni ghali.

Mvua ikikata, wakulima wa tumbaku msikimbilie kung'oa. Jani likichanika limeshuka daraja, uchungu wake tunaujua. Lakini piga picha kwanza, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na chama chako cha msingi cha ushirika, umsubiri bwana shamba aje ahesabu mistari iliyopigwa. Mwenye bima asiguse kitu kabla ya mkaguzi kufika. Nimewahi kufika shamba moja siku ya nne, nikakuta matuta mapya na mwenyewe ameketi pembeni na jembe. Fomu niliyobeba haikuwa na pa kuandika.