Tukiwaondoa Waheshimiwa, Nani Ataandika Swali?

Msimu wa bajeti ukifika, kwenye vikao vya elimu ya uraia hapa Mombasa, iwe Likoni au Kisauni, kuna swali lisilokosa mtu wa kuliuliza: tuna haja gani na wawakilishi? Watu wanatumiana pesa kwa simu usiku wa manane. Mbona wasipige kura kwa simu hiyo hiyo kila mswada unapoletwa, na mishahara ya waheshimiwa ikanunue dawa?

Wanaouliza wana msingi. Kifungu cha 1 cha Katiba ya 2010 chasema mamlaka yote ni ya wananchi, na wanaweza kuyatumia moja kwa moja au kupitia wawakilishi waliowachagua. Ninalolipinga ni kufuta uwakilishi kabisa.

Tuanze na simu. M-Pesa huaminika kwa kuwa aliyetuma anajulikana, aliyepokea anajulikana, na ujumbe unabaki kuthibitisha. Kura yataka kinyume chake. Ukiweza kuonyesha ujumbe wa ulivyopiga kura, basi unaweza kuiuza, na mwajiri au mwenye nyumba wako anaweza kukudai ushahidi.

Hata teknolojia ikipatikana, liko tatizo kubwa zaidi, nalo ni mwandishi wa swali. Kura ya maoni hujibiwa ndiyo au la. Mwaka 2005 Wakenya waliwekewa Ndizi kwa ndiyo na Chungwa kwa la, rasimu nzima ya katiba kwa alama mbili. Aliyependa sura moja na kuichukia nyingine hakuwa na pa kulisema hilo. Chungwa lilishinda, yakaanguka yote pamoja, mazuri na mabaya. Bunge, kwa ubovu wake wote, laweza kufuta kifungu kimoja na kubakisha kingine.

Kwenye bajeti mambo huwa mazito zaidi. Waulize watu kama ada za soko la Kongowea zipunguzwe, jibu unalijua. Waulize kama zahanati ziongezewe dawa, jibu ni lile lile. Majibu yote mawili ni ya haki, ila hesabu haziwiani. Huko California, mwaka 1978, wapiga kura walipitisha Pendekezo la 13, lililoifungia kodi ya ardhi na majengo kwenye asilimia 1 ya thamani. Mapato ya shule na ya serikali za mitaa yakaporomoka, na jimbo likalazimika kuziba pengo. Lazima pawe na watu wanaokaa na hesabu zote mbili mezani, na tunaoweza kuwaadhibu wakikosea.

Wapenzi wa kura ya moja kwa moja hutaja Uswisi, na wana haki. Kule sahihi 50,000 ndani ya siku 100 zatosha kuipeleka sheria ya bunge kwa wananchi, na sahihi 100,000 ndani ya miezi 18 hutosha kupendekeza mabadiliko ya katiba. Lakini Uswisi haijafunga bunge lake, lenye mabaraza mawili. Tena wasomaji wa Mji wa Kale, mnaopita kila siku chini ya mnara wa Msikiti wa Mandhry, tazameni hili: Novemba 2009 asilimia 57.5 ya waliopiga kura Uswisi walipiga marufuku ujenzi wa minara ya misikiti. Nchi nzima ilikuwa na minara minne tu. Na mwaka 1959 wanaume wa huko waliwanyima wanawake kura ya kitaifa, wakaja kuwapa 1971. Hapa pwani, kila jamii ina mahali ambapo yenyewe ndiyo wachache.

Liko pia suala la kuchoka. Agosti 2022 chini ya nusu ya wapiga kura wa Mombasa walijitokeza kwenye uchaguzi mkuu. Watu wasiokuja mara moja kwa miaka 5, nani atawaleta kila mwezi kuamua mswada wa maji taka? Watakaokuja bila kukosa ni wenye nafasi, na wenye tenda.

Kwa maoni yangu, kazi iliyopo ni kuilegeza milango ambayo tayari tunayo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 90, yaruhusu kura ya maoni ya mashinani kuhusu sheria za kaunti, mipango na uwekezaji. Sharti ni ombi lenye sahihi za asilimia 25 ya wapiga kura wa eneo husika. Mombasa ina wapiga kura wapatao 640,000, kwa hivyo kura ya kaunti nzima yataka sahihi 160,000, nyingi kuliko zile za Uswisi nzima za kugusa katiba! Kiwango hiki ni kikubwa mno, na wa kukipunguza ni Bunge la taifa, lile lile tunaloambiwa tulivunje.

Kwa sasa mlango usiohitaji sahihi hata moja ni bajeti. Waraka wa mkakati wa fedha hufika bunge la kaunti kabla ya Februari kwisha, na makadirio ya bajeti hufika kufikia Aprili 30. Kifungu cha 196 cha Katiba chalitaka bunge hilo liwashirikishe wananchi. Peleka maoni kwa maandishi, taja wadi na mradi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Andika kwa Kiswahili bila wasiwasi: kwa Kifungu cha 7 ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi, na karani hana sababu ya kukurudishia.