Kupishanisha treni: nani ampishe nani ratiba ikivurugika

Jioni moja treni ya kutoka mjini ilisimama kwenye stesheni ndogo na haikuondoka. Milango wazi, injini inanguruma, watu wamejaa hadi ngazini. Mama aliyeketi mkabala nami, gunia la sukuma wiki katikati ya miguu, akauliza, "Sasa tunangoja nini hapa?" Kijana mmoja aliyeegemea dirisha akamjibu, "Kuna nyingine inakuja, mathe."

Jibu lake lilikuwa sahihi. Kinachoniuma ni kwamba wengi wetu hudhani treni ikisimama hivyo kuna mtu amezembea, kumbe mara nyingi kuna mtu amefanya hesabu. Hesabu hiyo ndiyo kupishanisha treni: kuamua ipi ipite, ipi ingoje, na zikutane wapi. Anayeifanya ni mwongoza ishara, yule anayekaa stesheni au kwenye chumba cha udhibiti akiwa na ramani ya reli mbele yake.

Matatu ikikwama Thika Road, dereva hupanda ukingo, akapita nje ya foleni, akarudi mbele. Treni haina ukingo. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2017, kwa sehemu kubwa ni njia moja: treni inayopanda na inayoshuka hutumia vyuma vile vile. Ili zipishane, kila baada ya kilomita kadhaa kuna mahali ambapo njia inagawanyika mara mbili kisha inaungana tena. Mmoja huingia pembeni, mwenzake hupita. Siku ambayo kila treni iko kwa saa yake, mahali pa kukutana pamepangwa tangu ratiba ilipoandikwa. Kazi huanza pale moja inapochelewa.

Watu husema treni ya abiria hutangulia, ya mizigo hungoja. Ni kweli kama kanuni ya kuanzia, lakini mwongoza ishara akiishia hapo ataharibu siku ya kila mtu. Chukua mfano huu. Treni ya mizigo imesimama mahali pa kupishania, na mahali pengine kama hapo pako kilomita 12 mbele. Nyuma yake inakuja treni ya abiria. Kwenye reli hiyo ya Mombasa ya abiria hufika kilomita 120 kwa saa, ya mizigo kilomita 80. Kilomita hizo 12 abiria watazimaliza kwa dakika 6. Mizigo itahitaji 9, na tuongeze 4 za kuondoka taratibu, kupunguza mwendo na kuingiza mkia wote pembeni. Jumla 13.

Kama treni ya abiria ingali umbali wa dakika 20, ya mizigo iachiwe mara moja. Itafika mbele na kujibanza kabla abiria hawajatokea, na hakuna aliyepoteza kitu. Kama abiria wako umbali wa dakika 8, kuiachia ni kosa. Watakuta taa nyekundu hapo, maana ya mizigo bado iko kwenye kilomita zile 12 na njia haibebi mbili kwa pamoja; watangoja dakika 5, na treni iliyosimama kabisa hupoteza muda zaidi ikianza upya. Hapo mizigo ibaki. Treni ni zile zile na vyeo ni vile vile, lakini jibu limegeuka kwa sababu ya dakika.

Na bado hatujamtazama anayetoka upande wa pili. Huenda kule mbele kuna treni nyingine inayoisubiri hiyo ya mizigo ipite ndiyo nayo iondoke. Ukiizuia moja, umezizuia mbili. Uchelewaji huambukiza kama mafua kwenye chumba cha darasa. Ndiyo maana katika reli nyingi swali la msingi ni dakika ngapi zitapotea kwa jumla, na ndiyo maana treni iliyokwisha kuchelewa mara nyingine huambiwa ingoje zaidi ili iliyo kwa wakati isiharibikiwe. Abiria wa ile iliyochelewa huona wameonewa. Ningekuwa ndani yake ningeona hivyo pia, lakini nadhani uamuzi ni wa haki: kuchelewesha mia tano wengine hakuwarudishii wa kwanza dakika zao.

Kuna mambo mengine ambayo abiria haoni. Urefu: treni ya mizigo ikiwa ndefu kuliko njia ya kupishania, haiwezi kuwekwa hapo hata kama hesabu inasema ikae, maana mkia utabaki umeziba njia kuu. Saa za dereva nazo zina kikomo. Halafu kuna mlima. Stesheni kuu ya Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na reli ya zamani ikitoka hapo kwenda Kikuyu hupanda hadi Limuru, zaidi ya mita 2,200. Ukisimamisha mabehewa mazito katikati ya mpando kama huo, kuyaanzisha tena ni shughuli, magurudumu huteleza. Mwongoza ishara mwenye uzoefu atafanya kila awezalo mwenye mzigo asisimame akiwa mlimani.

Uamuzi mgumu kuliko yote ni kuhamisha mahali pa kukutana. Tuseme mbili zilipangiwa kukutana stesheni fulani, moja ikachelewa. Iliyofika mapema ikikaa tu pale inapoteza muda bure, kwa hiyo huongezwa hatua, ikakutane na mwenzake mbele zaidi. Ni busara, lakini ni hapo hapo penye hatari. Uingereza, usiku wa tarehe 10 Septemba 1874, treni ya kasi kutoka London ilikuwa imechelewa kufika Norwich. Kwa kawaida treni ya barua kutoka Great Yarmouth ilingoja stesheni ya Brundall, mwisho wa pili wa njia moja iliyotoka Norwich, mpaka ile ya kasi ipite. Usiku ule ujumbe wa telegrafu ukapelekwa Brundall kwamba ya barua iondoke, na ile ya kasi ilipofika Norwich, nayo ikaruhusiwa. Hakuna aliyeweza kuwafikia madereva tena. Ziligongana uso kwa uso karibu na Thorpe, zikaua watu 25.

Baada ya hapo mhandisi Edward Tyer alibuni mashine mbili zilizounganishwa kwa umeme, moja kila mwisho wa njia, zenye vidonge vya chuma ndani. Kidonge kimoja kikitolewa, mashine zote mbili hujifunga hadi kirudishwe. Dereva asiye na kidonge mkononi haingii kwenye njia. Mitambo ya leo hufanya kazi ile ile kwa vitambuzi na kompyuta: njia ikiwa na treni, taa ya kuruhusu nyingine hukataa kuwaka hata mwongoza ishara akibonyeza mara kumi. Kwa hiyo mtambo ukifanya kazi sawasawa, akikosea hesabu yake tunapoteza muda. Uhai umekabidhiwa mashine, yeye amekabidhiwa saa.

Jioni ile tulisikia honi kwa mbali, kisha dirisha likatiwa giza na mabehewa yanayopita kwa kishindo. Mama akashika gunia, tayari kuondoka. Hatukuondoka. Akamtazama kijana kama aliyedanganywa. Lakini hata baada ya mwenzako kupita, lazima mkia wake wote uondoke kwenye maungio, vyuma vinavyobadili njia visogezwe upande wako na kufungwa imara, mtambo uhakikishe vimefungwa, ndipo taa ibadilike. Ilichukua kama dakika mbili. Kisha behewa likashtuka, gunia likaegemea goti langu, tukaanza kwenda.